Mwaka Niliohifadhi Sura ya Tofauti

Mwezi uliopita, nyumbani kwa mtoto wa Feliksita kule Nyarutarama, mtaa wa matajiri, nilisimama mbele ya meza ya watu wanaokula nikasoma kwa moyo maneno ya Kifaransa ambayo maana yake siijui mpaka leo. Hakuna aliyenilazimisha. Feliksita, ambaye tulikuwa wasichana pamoja na ambaye ameishi Ulaya muda mrefu hata amesahau kula kwa mkono, aliniwekea mkono begani akawaambia wajukuu zake, "Huyu ndiye Zaituni niliyekuwa nawasimulia. Zaituni, mwenzangu, bado unaikumbuka ile sura?" Badala ya kusema nimezeeka, nimesahau, nikasukuma kiti nyuma, nikajiinua na magoti yangu haya, nikafunga mikono mbele ya tumbo. "La diferansi ne pa antre le shoz." Nikaenda nayo hivyo hivyo mpaka pumzi ikaniishia. Wakapiga makofi. Mjukuu mmoja alikuwa ameinua simu ananichukua. Mjukuu wangu mimi, Rehema, aliyenipeleka, hakupiga makofi. Alikuwa ameinamia sahani yake anakata kipande cha kuku ambacho alikwisha kukikata.

Kwenye gari, tulipopita uwanja wa gofu, akaniuliza, "Bibi, kwa nini ulisimama?" Nikamwambia, waliniomba. Akasema, "Walikuuliza kama unakumbuka. Hawakukuomba usimame." Rehema anafanya kazi uwanja wa ndege, Kanombe, na Kifaransa chake ni cha kupokea wageni, lakini kilitosha. Akanirudisha kwenye maneno yangu, neno kwa neno, akaniambia kwamba ile sentensi ya kwanza inasema: tofauti haiko katikati ya vitu, tofauti ndiyo inayofanya vitu viwepo. Nikamwuliza, sasa hiyo ndiyo nini? Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tutoke. "Hayo ndiyo maneno, Bibi. Maana yake sijui. Ungemwuliza aliyekufundisha." Tangu siku hiyo nimekuwa nikilala na kuamka na jambo hilo, na kwa kuwa mkono wangu bado unashika kalamu, ingawa shule niliishia darasa la nne, nimeona niuandike ule mwaka wote kama ulivyokuwa, na watu wake kwa majina yao, maana majina ndiyo kitu pekee ambacho kichwa changu hakijawahi kukiangusha.

Nilikuwa na miaka kama kumi na tisa, mpishi katika nyumba ya Mwalimu Anastazi, Kicukiro. Siku hizi ukisema Kicukiro watu wanaona maofisi na soko. Wakati ule ilikuwa migomba, na nyumba ya Mwalimu ilionekana kutoka mbali kwa bati lake. Ijumaa niliruhusiwa kushuka nyumbani Biryogo kuswali na kulala kwa Shangazi Mwamini, na Jumamosi jioni nilirudi, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya wageni. Mkewe Mwalimu, Mama Verediana, alikuwa mtu wa kimya, hapendi kelele jikoni. Mdogo wake ndiye Feliksita, aliyekuwa anasoma sekondari na kukaa hapo kwa shemeji yake. Sebule ilikuwa na meza ndefu, viti sita vya mbao, kabati lenye vioo ambamo vikombe vya harusi vilikaa bila kutumika, na msalaba juu ya mlango. Sakafu ilikuwa ya sementi nyekundu, nikiisugua kila Jumamosi usiku mpaka ukiiangalia unauona msalaba chini.

Jumapili baada ya misa walikuja Bwana Gaspari na Bwana Laurenti, nao walimu. Watatu hao walisoma seminari pamoja na wote watatu walitoka kabla ya kuwa mapadri, na nadhani kile kitabu cha Kifaransa walichokuwa wakikisoma kilikuwa namna yao ya kurudi darasani. Jalada lilikuwa limeng'oka, hivyo jina la mwandishi sikulijua kamwe. Walikula kwanza: sombe, yaani kisamvu, maharage, viazi, na nyama kama ipo. Urwagwa, ile pombe ya ndizi, sikuibeba mimi, Feliksita aliibeba, na hilo hawakunilazimisha hata mara moja, lazima niliseme. Kisha Mama Verediana alifuta meza na kitabu kikaletwa.

Hawakusoma kama mtu anavyosoma gazeti. Mmoja alisoma kwa sauti sentensi moja, wakaiweka hapo katikati ya vikombe, wakaanza kuizunguka. Sentensi moja iliweza kumaliza Jumapili nzima. Sentensi ile ya kwanza ilimaliza masika. Mabishano yao yalianza kwa Kifaransa, yakipanda hasira yanashuka kwenye Kinyarwanda, na hapo ndipo mimi, nikiwa mlangoni na birika, nilipopata kitu cha kushika. Gaspari, mnene, sauti ya kanisani, alikuwa na mbuzi zake. "Lazima mbuzi wawepo wawili kwanza! Mmoja mweusi, mmoja mweupe. Ndipo nasema wametofautiana. Tofauti inafika mwisho, kama mgeni aliyechelewa harusi." Laurenti, mwembamba, mtu wa kuuma kucha, akamjibu bila kupandisha sauti, "Na huyo mbuzi wa kwanza ulimjuaje kuwa ni mbuzi, kama hajatofautiana na majani anayokula?" "Nilimjua kwa macho!" "Macho yanaona nini, Gaspari, kama si tofauti? Funga madirisha, zima taa, halafu utuonyeshe mbuzi wako." Na Mwalimu Anastazi, kidole kwenye mstari, "Acheni mbuzi. Rudini kwenye neno. Kwa nini ameandika 'antre'? Angeweza kuandika neno lingine. Ameandika 'antre'." Wakasoma tena. Nakumbuka niliwaza, hawa ni watu wazima, wana wake na mishahara, na wanagombana juu ya neno linalomaanisha katikati. Nikawaonea wivu hata mate yakanijaa.

Siku moja Laurenti akasema, "Tuchukue basi mfano wa karibu. Kwenye kitambulisho chako, Gaspari, wameandika neno, na kwenye changu wameandika neno lingine. Je, lile neno lilikuja kabla yetu, au..." Mwalimu Anastazi akasimama, akaenda kufunga dirisha, akarudi akakaa. "Tutumie mbuzi," akasema. Wakarudi kwa mbuzi. Gaspari mwenyewe hakucheka. Mimi niliondoa sahani polepole kuliko kawaida. Sikuwa mmoja wao katika neno hilo la kabila wala lile. Sisi wa Biryogo tuliitwa Waswahili na yakaishia hapo, hata sisi tuliozaliwa hapo hapo mlimani. Mwalimu na wenzake walinisemesha Kiswahili, Kiswahili chao cha sokoni, ingawa Kinyarwanda nilikijua sawasawa na wao, na mimi nikawajibu kwa Kiswahili kwa sababu niliona ndivyo wanavyonitaka.

Sasa niseme jinsi nilivyoanza kuhifadhi, maana hapo ndipo vijana wa siku hizi hawanielewi. Mimi nilisoma chuoni, chuo cha Kurani, kwa Bi Hamida, Biryogo, nyuma ya duka la Sefu Muyemeni. Chuoni mtoto huanza kwa sauti. Unasoma herufi, unaunganisha, unahifadhi sura fupi, kisha ndefu, unayumba mbele na nyuma, na maana hakuna anayekuambia. Si kwamba wanakunyima. Maana ina wakati wake. Ukishahifadhi, ukisoma mbele ya watu bila kukosea, ndipo mwalimu anakaa na wewe anakupa tafsiri, kidogo kidogo, na ile sura iliyokuwa imekaa kifuani kama mzigo uliofungwa inafunguliwa. Hiyo ndiyo njia niliyoijua ya kuingia ndani ya kitabu. Sikujua kuna nyingine. Basi nilipokitamani kile kitabu cha akina Mwalimu, nilianza pale nilipojua kuanzia. Kwa kuwa walirudia kila sentensi mara nyingi kuliko hata Bi Hamida, nikazikuta zimeingia zenyewe nikiwa naosha vyombo. Zile zilizonipita, Feliksita alinisomea jikoni huku anamenya viazi.

"Lakini hujui inasema nini," aliniambia. "Wewe je?" "Mimi najua maneno." "Na inasema nini?" Akafikiri, kisu kikiwa hewani. "Hata mimi sijui," akasema, tukacheka mpaka Mama Verediana akagonga ukuta.

Nilinawa kabla ya kukishika kile kitabu. Nilikiweka juu ya kabati, sikuweka kitu juu yake, na siku Mama Verediana alipokiwekea bakuli la maharage nilikimbia nikaliondoa nikafuta ukurasa wake wa juu kwa kitambaa cha kichwa changu. Feliksita alitaka kufa kwa kucheka. "Zaituni, si msahafu huo!" Nilijua si msahafu. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini kitabu kinachoweza kuwafanya watu wazima watatu wakae Jumapili nzima bila kugeuza ukurasa, sikuona kwa nini kikae chini ya maharage.

Wenyewe walijua habari yangu siku ya ubishi mmoja. Gaspari alikuwa amekwenda na kitabu kwake akakisahau, na wakagombana sentensi ya nne ilikuwa inaanzaje. Mmoja hivi, mwingine vile. Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Nikaisoma. Niliisoma kwa mvuto wa chuoni, nikivuta panapovutwa, macho chini, mwili ukiyumba wenyewe. Nilipomaliza nikainua macho. Kisha Gaspari akapiga meza, akamwita Mungu wake. "Mana yanjye! Gramafoni!" Akacheka akishika tumbo, na Laurenti akacheka, na hata Mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa huruma, mabega yake yalitikisika. "Endelea, Gramafoni! Geuza sahani!" Nikaendelea. Sikuona vibaya. Hilo ndilo linaloniunguza leo kuliko mengine: nilifurahi. Walikuwa wananiangalia, watu watatu waliosoma, na kitu walichokuwa wanakisikiliza kilikuwa kinatoka kinywani mwangu.

Tangu hapo kila Jumapili waliniita nisimame karibu na kabati la vioo nisome pale walipoishia wiki iliyopita. Nilianza kuvaa gauni langu la Idi siku hizo. Gaspari alinirekebisha matamshi kwa kijiko, akigonga kikombe nikikosea. Na Mwalimu Anastazi, jioni moja ambayo wenzake walikwisha ondoka, alinikuta jikoni akaniuliza kwa matamshi yake, "Zayituni, nini nafanya wewe unasoma hii kitu?" Nikamwambia ukweli, kwamba nahifadhi ili anipe tafsiri. Akatabasamu. "Maliza sura yote," akasema, "mimi nitakupa tafsiri." Aliisema kama mtu anavyomwambia mtoto kula ukue. Mimi niliipokea kama ahadi ya mwalimu kwa mwanafunzi. Niliposhuka Biryogo nilimweleza Bi Hamida, nikiogopa atanikaripia kuacha maneno ya Mungu nikahifadhi ya Wazungu. Aliuliza jambo moja tu: "Na tafsiri ipo?" Ipo, mwalimu, mwisho. "Basi hifadhi," akasema, na akanisikiliza Yasini kwanza, isije ikasukumwa nje.

Ramadhani ilikuja na mimi niko katikati ya sura. Niliwapikia mchana na kinywa kikavu, nikasimama karibu na kabati nikasoma, na siku moja sauti ikakatika. Laurenti akaondoka kitini akaniletea maji. Nikamwambia nimefunga. Akabaki na ile glasi mkononi, hajui aiweke wapi, akainywa mwenyewe, akasema samahani. Gaspari akasema kwa Kifaransa kitu kilichowachekesha wote isipokuwa Laurenti. Usiku huo wa daku nilihifadhi mistari mingi kuliko siku yoyote. Nilikuwa na njaa mbili, na moja kati yake nilijua itaisha na Idi. Ile nyingine niliiwekea siku yangu mwenyewe.

Sura iliisha miezi baada ya Idi, mvua za vuli zimeanza. Chuoni mtoto akihitimu, nyumbani kwao wanapika, wanaleta mkeka, jamaa wanakaa, mtoto anasoma mbele yao mwanzo mpaka mwisho, mwalimu anapewa zawadi, anaomba dua, na hapo anaanza kumpa tafsiri ya mistari ya kwanza ili kila mtu ashuhudie kwamba mlango umefunguliwa. Mimi nilimwambia Mwalimu Anastazi, Jumapili ijayo nahitimu, Shangazi yangu atakuja. "Karibu, karibu," akasema, bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi. Mimi nilidhani amenisikia.

Shangazi Mwamini alifika saa ya misa kutoka. Alizaliwa Ujiji, mwanamke mrefu, kanga mbili mpya za rangi ya machungwa, sufuria ya pilau kichwani, mkeka kwapani, chetezo na udi ndani ya mfuko, na katika kitambaa cheupe zawadi ya mwalimu. Aliingia kwa mlango wa mbele. Jumapili ile Gaspari alikuwa amekuja na walimu wenzake wawili, Selestini na Fideli, waje waione Gramafoni. Wote watano wakamwona mwanamke huyu anaingia, anasalimia mmoja mmoja kwa mkono, anaangalia sakafu yangu nyekundu kisha anauliza, "Ala! Hamjatandika?" Akasukuma meza kwa kiuno, akatandika mkeka katikati ya sebule, akakaa, akawasha udi. Moshi ukapanda mpaka kwenye msalaba. Fideli akamtazama Selestini. Mama Verediana akasimama mlangoni na bakuli mkononi, mdomo wazi. Na mimi, ambaye mwaka mzima nilikuwa naingoja siku hii, nikauona ule mkeka kama wanavyouona wao. Ulikuwa mkeka mzuri, mpya. Nikaona aibu ya mkeka.

"Haya, mwanangu," akasema Shangazi, "bismillahi."

Nikasoma sura yote. Sikukosea popote. Nilianza na "La diferansi" nikiwa nimesimama, kisha nikakaa mkekani kwa sababu Shangazi alinivuta gauni, nikayumba, nikavuta panapovutwa. Selestini ndiye aliyeshindwa kwanza; alitoa sauti puani, akageukia ukutani. Kisha Fideli. Kisha Gaspari, kama ng'ombe. Nilipofika mstari wa mwisho sebule yote ilikuwa inacheka, watu wanafuta machozi, na Shangazi yangu, ambaye hakujua Kifaransa, ambaye aliona wanaume wasomi wanalia kwa furaha juu ya mtoto wake, alitupa kichwa nyuma akapiga vigelegele. Vigelegele virefu, vya harusi. Kicheko kikawazidi nguvu. Naye akaviongeza.

Kisha akainua mikono akaomba dua, akaitikia mwenyewe aamini, akafungua kile kitambaa cheupe. Ilikuwa kofia, ya kushona kwa mkono, ile kazi ya vitundu vidogo vidogo ambayo ilimla macho miezi. "Mwalimu, hii yako. Sasa mpe tafsiri."

Gaspari, bado anapumua kwa shida, akainama kwenye kiti akamwambia kwa Kiswahili, kwa upole, nadhani alidhani anamsaidia: "Mama, wewe sikia. Huyu mtoto iko kama gramafoni tu. Hajui hata neno moja ya hii kitu."

Shangazi akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yamelowa. "Najua hajui," akasema. "Hata mimi Yasini yote ninayo na sijui neno. Si ndiyo maana pana mwalimu?" Akamgeukia Mwalimu Anastazi, bado amemnyooshea kofia. "Utampa leo, au nije siku nyingine?"

Kicheko kikakoma. Hakikukoma taratibu. Mwalimu Anastazi alikuwa mwekundu, yeye mweusi, sijui niseme vipi. Aliichukua ile kofia. Aliigeuza mkononi, akaivaa. Kisha akashuka kitini, na suruali yake ya misa, akakaa mkekani mbele ya Shangazi na mimi, akavuta vikombe viwili kutoka mezani. "Mama," akasema, "mimi Kiswahili yangu iko mbaya. Lakini nitajaribu. Zayituni, angalia hii vikombe."

Hicho ndicho nilichokuwa nakililia mwaka mzima. Alikuwa amekaa chini, anaongea na mimi, kitabu kimefunguliwa kwenye mapaja yake, na tafsiri inaanza. Na mimi sikuweza kuangalia vikombe. Nilikuwa naangalia kidole cha mguu cha Shangazi kilichotoka nje ya kanga, na moshi wa udi, na Selestini anayemeza kicheko kilichobaki. Masikio yangu yalikuwa yanavuma kama jiko la makaa linalopepewa. Nikasema, "Ngoja nilete sahani za pilau," nikaondoka, nikaingia jikoni nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nilikaa huko muda wote. Kupitia ukuta nilimsikia Mwalimu anatafuta maneno, anasimama, anaanza tena. Nilimsikia Laurenti anamsaidia, "Hapana, si hivyo, mwambie hivi". Nilimsikia hata Gaspari anataja mbuzi. Walikuwa wanafanya kazi. Mambo waliyoyasema Kifaransa mwaka mzima sasa walilazimika kuyasema kwa lugha ambayo hawakuwa na maneno ya kujifichia, na nilisikia jinsi yalivyowakataa. Na kati yao sauti ya Shangazi, inauliza, inasema "Ala!", inasema "Ngoja, rudia hapo," na mara moja, kwa mshangao wa kweli, "Kumbe!" Hakuwa mtu wa kusema kumbe ovyo. Feliksita akaja akanishika mkono wenye sabuni. "Zaituni, njoo, jamani. Anakufasiria wewe." Nikamwambia nina vyombo. Akanibembeleza. Nikamwambia niache. Akakaa kwenye kigoda kando yangu, hakuondoka mpaka ilipoisha.

Sikurudi kazini baada ya wiki ile. Niliolewa mwaka uliofuata na Hasani fundi cherehani, nikazaa, nikawa na maisha ambayo si ya kuandikwa hapa. Mwalimu Anastazi na Laurenti hawakuufikia uzee. Wanaoijua nchi hii hawahitaji niseme zaidi. Gaspari nilisikia alivuka mpaka, sikusikia tena. Mwezi uliopita, kabla Rehema hajaniingiza kwenye gari, nilimvuta Feliksita pembeni, kwenye ile veranda ya vioo ya mwanawe, nikamwuliza kile ambacho nilikwenda kumwuliza: siku ile, pale mkekani, shemeji yako alisema nini? "Mimi nitajuaje, Zaituni?" akasema. "Si nilikuwa jikoni na wewe?"

Basi alijua Shangazi peke yake, naye sasa ni marehemu. Siku ile tuliondoka kabla ya magharibi, mvua imekatika, njia ya kushuka imejaa watu wanaorudi majumbani. Shangazi alikuwa na sufuria tupu kichwani na uso umefunguka, anatembea haraka kama msichana. "Yule bwana wako ana elimu," akasema kwa ile sauti yake ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Mwanzoni nilidhani hajui. Kumbe anajua, ila inamuuma kuisema. Sikiliza, Zaituni, nikueleze kabla haijanitoka. Ile tofauti, alivyosema, wewe chukua mimi na wewe hapa njiani, sawa? Sasa..." Wanafunzi wawili wa sekondari walikuwa wanatupita. Walimwangalia, na kanga zake za machungwa, na sufuria. Nikamshika kiwiko. Nikamwambia, "Shangazi, polepole. Watu wanasikia."

Akanyamaza. Alidhani nimechoka.